Maganda ya .308 kwa shabaha ya yadi 1,000: kazi ipi inalipa, ipi haina faida?

MlengajiOhio

Habari za wakati huu, wanajamvi. Ninaishi Ohio, Marekani, na msimu huu nimeingia mashindano ya F-Class, yaani ya shabaha ya mbali, katika daraja la F-TR, ambako mshindani hulala kifudifudi, huegemeza bunduki kwenye kiegemeo cha miguu miwili na haruhusiwi kutumia risasi nyingine isipokuwa .308 Winchester au .223 Remington. Yangu ni ya .308, ya komeo la kuvuta kwa mkono, na katika yadi 600 inaniridhisha. Shida huanza tunapohamia yadi 1,000, yaani mita 914. Nikiusoma upepo vizuri, matundu hukaa mahali pake kushoto na kulia, lakini hutawanyika juu na chini kiasi kwamba duara la alama 10, ambalo kipenyo chake ni inchi 10 tu, hunikosa bila sababu ninayoweza kuiona.

Risasi hujaza mwenyewe, na kwa upande wa baruti hufuata jedwali la mtengenezaji bila kulizidisha, kwa hiyo huko sina swali. Ninachouliza kinahusu maganda, yale ya shaba yanayobeba baruti na kichwa cha risasi. Ninayo ya aina tatu: ya Lapua niliyoyanunua mapya kwa pamoja, ya Winchester yaliyobaki kwenye risasi za dukani, na ya jeshi yenye herufi LC (kiwanda cha Lake City) na ule msalaba wa NATO ulio ndani ya duara. Maelekezo ninayosoma yanapingana. Mmoja anasema kila ganda lipimwe uzito, mwingine anasema uzito hauna maana yoyote, wa tatu anataka shingo zote zichongwe. Kwa aliyefanya kazi hii kwa muda mrefu, naomba anieleze nianze na lipi, na lipi niliache.

FundiKalibu

Mkuu, umelieleza tatizo vizuri kwa kutaja kwamba matundu yanatawanyika wima, kwa sababu hapo ndipo penye jibu. Kwa .308 yenye kichwa cha greni 175 (greni 1 ni kama gramu 0.065) kinachotoka mtutuni kwa kasi ya mita 790 hivi kwa sekunde, tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi moja na nyingine haikusogezi hata milimita 2 katika yadi 100, ila katika yadi 1,000 inakushusha au kukupandisha kwa takriban sentimita 28. Duara lako la 10 lina sentimita 25 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kundi zuri sana katika yadi 100 na bado akahangaika mbali. Tunachokitafuta kwenye maganda ni kasi inayofanana, na kasi hiyo inategemea mambo mawili makubwa: nafasi ya ndani ambamo baruti inaungua, na namna shingo inavyokishika na kukiachia kichwa cha risasi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji kifaa chochote. Tenganisha maganda yako kwa alama za kitako, na usizichanganye tena katika shindano moja. Ya jeshi mara nyingi huwa na kuta nene, na unaweza kukuta yanazidi ya Winchester kwa greni 10 au zaidi, jambo ambalo hupunguza nafasi ya ndani na kupandisha shinikizo kwa kipimo kilekile cha baruti. Hili ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la shabaha: kipimo ulichokizoea kwenye ganda la Winchester hakihamishiwi kwenye ganda la LC bila kukishusha na kuanza upya kutoka chini. Zaidi ya hapo, maganda mengi ya LC ya 7.62, toleo la kijeshi la .308, yanayouzwa mitumba yalifyatuliwa kwenye bunduki za rashasha zenye chemba kubwa (chemba ni sehemu ya mtutu linamokaa ganda), kwa hiyo yamekwisha kunyooshwa kabla hayajakufikia, na vitundu vya fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, vimebanwa pembeni kiasi kwamba ni lazima ubano huo uondolewe ndipo fataki mpya iingie. Ushauri wangu ni kwamba yadi 1,000 uzipe Lapua peke yake, Winchester iwe ya mazoezi, na LC uiache kabisa ikiwa huijui historia yake.

Baada ya hapo, nguvu zako zielekeze kwenye shingo na bega, yaani ule mteremko ulio chini ya shingo. Kalibu ya kurudisha umbo, yaani kile chuma ambamo ganda lililofyatuliwa hubanwa, ikiwa imeshushwa mno kwenye presi, ile mashine ya mkono inayolisukuma ganda ndani yake, inalisukuma bega nyuma kupita kiasi. Ganda likifyatuliwa linanyooka tena kujaza chemba, na baada ya mizunguko michache ukuta unakuwa mwembamba karibu na kitako. Nunua kipimo cha bega kinachofungwa kwenye kalipa, pima maganda yaliyotoka kwenye bunduki yako, kisha rekebisha kalibu mpaka bega lirudi nyuma kwa inchi 0.001 hadi 0.002, yaani milimita 0.03 hadi 0.05, si zaidi. Kazi hiyo ukiifanya vizuri mara moja, itakulipa kwa risasi zote zitakazofuata.

Mafuta ya kulainishia yapakwe kidogo na kwa usawa. Yakizidi hukusanyika begani na kuacha vibonyeo, yakikosekana ganda hunasa ndani ya kalibu. Ukishamaliza, yafute yote, kwa sababu ganda lenye mafuta haliishiki chemba linapofyatuliwa na mzigo wote huenda kwenye komeo.

Urefu ukifika inchi 2.015 umefika ukomo wa .308, hivyo kata yote yawe 2.005, yaani milimita 50.93, halafu ondoa ukali wa kingo ndani na nje. Usilipuuze hili, kwani shingo ndefu kupita kiasi inaweza kubanwa na mwisho wa chemba ikakishika kichwa kisitoke kwa uhuru, na shinikizo likapanda kwa hatari.

Kuhusu kuchonga shingo, kwa chemba ya kawaida ya kiwandani mimi sioni faida inayolingana na kazi yenyewe. Pima unene wa shingo sehemu nne kwa maikromita ya tyubu, na ganda ambalo upande mmoja umeuzidi mwingine kwa zaidi ya inchi 0.0015 lipeleke kwenye boksi la mazoezi. Unene usio sawa shingoni kwa kawaida unaendelea mpaka kwenye mwili wa ganda, na huko mwilini hakuna chombo cha kuchongea kinachofika.

MizaniNaKalipa

Ninakubaliana na ndugu FundiKalibu karibu kwa yote, ila suala la uzito hakuligusa, na ndilo lililoulizwa kwanza. Tulifanyie hesabu badala ya kulibishania. Shaba ya manjano ya maganda ina sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki kwa mia, na uzito wake ni takriban mara 8.5 ya maji. Maana yake, ikiwa maganda mawili yanalingana kabisa kwa umbo la nje na yanatofautiana kwa greni 1 ya uzito, nafasi zao za ndani zinatofautiana kwa greni 0.12 tu za maji. Ganda la .308 huchukua maji ya greni 56 hivi. Kwa hiyo tofauti ya greni 1 ni kama sehemu 2 kati ya 1,000 za ujazo, nayo inamezwa na mambo mengine mengi, kuanzia mizani yako ya baruti hadi fataki zenyewe.

Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba uzito wote unaozidi umekaa ukutani. Mara nyingi sivyo. Mfuo wa kitako, ule ambao kucha ya kuvutia ganda hushikilia, haukatwi kwa kina kilekile kwa kila ganda, na shaba inayobaki au kupungua pale iko nje, haigusi nafasi ya baruti hata kidogo. Unaweza kuwa na maganda mawili ya uzito mmoja yenye ujazo tofauti, na mawili ya uzito tofauti yenye ujazo mmoja.

Anayetaka kujua ukweli apime maji. Chukua ganda lililofyatuliwa kwenye bunduki yako na ambalo halijapita kwenye kalibu, liache na fataki yake iliyokwishalipuka ili tundu lisivuje, lipime likiwa kavu, kisha lijaze maji yaliyotiwa tone la sabuni mpaka uso wa maji uwe bapa kwenye mdomo, bila kuvimba wala kuzama, na ulipime tena. Ni kazi ya kuchosha, na sipendekezi uifanye kwa maganda yote. Ifanye kwa machache mazito kuliko yote na machache mepesi kuliko yote. Ukiona ujazo unafuata uzito katika maganda yako ya Lapua, basi mizani itakutosha. Usipoona uhusiano wowote, mizani iweke kando na usiitazame tena.

Bado ninaipa mizani kazi moja, ambayo ni kumkamata mgeni. Panga maganda kwa uzito baada ya kuyakata urefu na kuyasafisha, maana kabla ya hapo unapima masizi na urefu wa shingo. Mengi yatasongamana katikati, na mawili au matatu yatasimama peke yake mbali na wenzake. Hayo ndiyo ya kuondoa. Kuyagawa yaliyobaki katika vikundi vya nusu greni hakuongezi kitu.

DadaShabahaTX

Naomba niongezee mambo mawili ambayo wanaume wa jukwaa hili huyapita haraka. La kwanza ni usafishaji. Mabaki ya fataki yana madini ya risasi, na mashine kavu za kutikisa maganda kwenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa hutoa vumbi linaloingia mapafuni na kutua kwenye kila kitu kilichomo chumbani. Mwenye watoto asiweke mashine hiyo jikoni wala sebuleni. Mimi husafisha kwa maji, sabuni ya vyombo, asidi ya sitriki kiasi cha ncha ya kijiko na vijiti vidogo vya chuma kisichoshika kutu, nikiwa nimetoa fataki kwanza ili vitundu vyake visafike pia. Maji hayo humwagwa kwa uangalifu, glavu huvaliwa, na vyombo vya kazi hii havirudi kwenye chakula kamwe. Kisha maganda hukaushwa vizuri, na kila moja huangaliwa tundu la mwali, lile linalopitisha moto wa fataki, kwa sababu kijiti kimoja kilichokwama pale kinaweza kuharibu risasi nzima.

Msitumie king'arisho chochote chenye amonia. Amonia huipasua shaba ya manjano iliyokazika kwa kubanwa na kuvutwa, na historia yake inajulikana: katika karne ya 19 jeshi la Uingereza nchini India lilihifadhi risasi kwenye mazizi wakati wa msimu wa mvua, na baadaye maganda yakakutwa yamepasuka. Chanzo kilielezwa mwaka 1921 kwamba ni amonia ya mkojo wa farasi ikikutana na mkazo uliobaki ndani ya shaba. King'arisho cha dukani kinafanya kazi ileile, kwa mwendo wake.

La pili ni moto. Kila ganda linapofyatuliwa na kurudishwa umbo, shaba ya shingo hukaza, na kwa kuwa haikazi sawasawa kwa maganda yote, hapo ndipo mshiko wa kichwa unapoanza kutofautiana, na mlengaji akaona ule mtawanyiko wa wima anaoulalamikia kaka yetu. Kulainisha shingo kwa moto huirudisha katika hali moja. Ukilitazama ganda jipya la Lapua au la LC utaona rangi ya buluu na kahawia kuanzia shingoni hadi chini kidogo ya bega. Ni alama ya moto wa kiwandani, na ndiyo mipaka ya moto wako pia. Nunua rangi ya kupimia joto ya nyuzi 400 za Selsiasi, ipake ndani ya shingo ya ganda la majaribio, zungusha ganda mwalini na uhesabu sekunde mpaka rangi iyeyuke. Ndio muda wako kwa maganda yote ya kundi hilo.

Kitako kisiguswe na moto kwa hali yoyote ile. Kikilainika hakiwezi tena kuhimili shinikizo, na ganda la namna hiyo hutupwa, halirekebishwi. Kulitumbukiza ganda majini baada ya moto hakuikazi shaba jinsi kunavyokaza feleji. Kunazuia tu joto lisienee hadi kitakoni. Mimi hulainisha kila baada ya kufyatua, si kwa sababu shaba inadai hivyo, bali kwa sababu nataka kila ganda liwe na historia sawa na jirani yake.

MwanaArusha

Nafuatilia kwa makini sana mjadala huu. Mimi nina bunduki ya uwindaji yenye leseni hapa Arusha. Je, naweza kuagiza vifaa hivi na kujijazia?

FundiKalibu

Ndugu MwanaArusha, usianze kabla ya kuzungumza na Polisi. Yanayoandikwa hapa ni ya Marekani, ambako mtu anayejijazia kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu, na anayejaza ili auze ndiye anayetakiwa kuwa nayo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya silaha, Sura ya 114. Kote kuwili utengenezaji wa risasi unasimamiwa kwa kibali, na leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa hiyo. Usimwagizie mtu fataki wala baruti kwenye mizigo, na usikubali kuletewa.

MlengajiOhio

Nimewasoma wote na nashukuru sana. Nimetenganisha maganda kwa alama, LC nimeziweka pembeni, na nimenunua kipimo cha bega. Hapo nimekuta jambo: kalibu yangu, jinsi nilivyoifunga kwa kufuata karatasi ya maelekezo, ilikuwa inarudisha bega nyuma kwa inchi 0.007 kamili. Nimeirekebisha hadi 0.002, na komeo linafunga bila kulazimishwa.

Nilipopanga Lapua kwa uzito imekuwa kama alivyosema MizaniNaKalipa. Yamesongamana katikati, na manne yamekaa mbali. Nilipopima maji, mawili kati ya hayo manne yana ujazo sawa na wenzake, mawili hayana.

Maswali mawili yamebaki. Kwanza, kwenye baadhi ya maganda ya Winchester ninaona mstari mwembamba unaong'aa, umelizunguka ganda kidogo juu ya kitako, kama milimita 8 kutoka chini. Je, ni alama ya kalibu tu? Pili, mshiko wa shingo niuweke kiasi gani?

FundiKalibu

Nianze na mstari huo, kwa sababu ndio unaoweza kukuumiza. Kalibu huacha mng'ao mpana mahali inapoishia kubana, na mng'ao huo peke yake si kasoro. Mstari mwembamba, mkali, ulio juu kidogo ya sehemu nene ya kitako, ni jambo lingine. Chukua waya wa kubania karatasi, unyooshe, upinde ncha yake kwa pembe ya mraba na uinoe, kisha uingize ndani ya ganda na uuvute polepole kutoka chini kwenda juu ukiwa umegusa ukuta. Ncha ikitumbukia kwenye mfereji mahali pale penye mstari, ukuta umekwisha kuwa mwembamba na ganda liko karibu kukatika vipande viwili ndani ya chemba, gesi ya moto ikirudi nyuma kuelekea usoni kwako. Kwa bega lililokuwa likirudishwa nyuma inchi 0.007 kila mara, sishangai hata kidogo. Kagua kwa waya maganda yote yaliyopita kwenye kalibu ile, Lapua zikiwemo, hata yale yasiyo na mstari kwa nje. Lenye mfereji libonyeze mdomo kwa koleo kabla ya kulitupa, ili asije mtu akaliokota uwanjani na kulijaza.

Kuhusu mshiko, tumia kalibu ya shingo yenye pete zinazobadilishwa. Pima kipenyo cha nje cha shingo ya risasi iliyokwisha ketishwa kichwa, ambacho kwa Lapua ya .308 ni inchi 0.338 hivi, kisha chagua pete iliyo ndogo kwa 0.002. Hakikisha pia kwamba kati ya shingo hiyo na chemba yako kuna nafasi isiyopungua 0.003 kwa jumla. Kiwango chenyewe cha mshiko hakina uzito mkubwa kama kufanana kwake: unapoketisha vichwa, sikilizia mkono wako kwenye mpini wa presi. Kichwa kinachoingia kwa ulaini usio wa kawaida, au kinachokataa wakati wenzake wamekubali, kitie alama kwa kalamu ya wino na ukipige wakati wa zile risasi za kupima upepo kabla alama hazijaanza kuhesabiwa.

MizaniNaKalipa

Ninaongeza hapo kwenye kutia alama. Ganda ambalo risasi yake imetoka nje ya kundi bila upepo wala mkono wako kuhusika, lichore mstari mmoja kitakoni. Likirudia, liondoe hata kama mizani na kalipa zote zinalisifu. Na hayo mawili yenye ujazo tofauti usiyatupe. Yatumie kuwekea kalibu sawa na kujaribia moto wa kulainisha, ili usiharibu mazuri.

DadaShabahaTX

Kaka MlengajiOhio, kabla hujaenda yadi 1,000 tena, weka kronografu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, mbele ya mtutu na upige risasi 20 kutoka kundi hilo la Lapua, maana tano hazitoshi kukuonyesha mtawanyiko halisi wa kasi. Piga polepole, mtutu usichemke, na risasi isikae muda mrefu kwenye chemba ya moto kabla ya kufyatuliwa, kwa sababu baruti iliyopashwa inabadilisha kasi na utayalaumu maganda kwa kosa lisilo lao. Andika kasi ya kila risasi pamoja na namba ya ganda lake, kisha utuletee orodha hiyo hapa tuisome pamoja.